Mguu wa Charcot: Mfupa Unapovunjika na Mwenye Mguu Hana Habari

Ukiteguka mguu unafanya nini? Unachechemea. Hakuna aliyekufundisha. Maumivu yenyewe yanakulazimisha uupumzishe mguu, na ukishapumzika ndipo unapona. Sasa jiulize: mtu asiyesikia maumivu atachechemea kwa sababu gani?

Hapo ndipo inapoanzia habari ya mguu wa Charcot. Ni ugonjwa ambao mifupa na viungo vya mguu vinavunjika, vinahama na kulegea huku mwenyewe akiendelea kutembea juu yake. Watu wengi hawajawahi kuusikia, hata baadhi ya wanaofanya kazi hospitalini hawajauona mara nyingi. Ndiyo maana leo nataka tuuchambue taratibu, hasa ule uliofika pabaya, kiungo kikiwa kimelegea kabisa.

Tuchukue mfano. Mzee mmoja anaishi kata ya Ugalla, halmashauri ya Nsimbo, mkoani Katavi. Ana kisukari zaidi ya miaka kumi. Analima mahindi na tumbaku kidogo, na ana mizinga yake ya nyuki kwenye miombo. Siku moja anakanyaga vibaya kwenye tuta. Hasikii kitu cha maana. Baada ya siku chache mguu umevimba kuanzia kifundo hadi vidole, una joto, kiatu hakiingii. Anavaa katambuga, anaenda shamba. Mzee huyu nimemtunga mimi, lakini mambo yatakayompata hapa chini ndiyo yanayowapata wagonjwa wa kweli.

Ganzi inatoka wapi?

Kisukari kisichodhibitiwa kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu. Huanza na ile mirefu zaidi, na mishipa mirefu kuliko yote mwilini ni ile inayofika vidoleni mwa miguu. Ndiyo maana ganzi huanzia huko na kupanda juu kama mtu anayevaa soksi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba karibu asilimia 9 ya Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na kisukari, kwa hiyo hatuongelei kitu cha watu wachache wa mjini.

Kisukari sio chanzo pekee. Jean-Martin Charcot, daktari Mfaransa wa hospitali ya Salpêtrière jijini Paris, alipoueleza ugonjwa huu mwaka 1868, wagonjwa wake walikuwa na kaswende iliyoharibu uti wa mgongo. Uhusiano wake na kisukari ulielezwa baadaye sana, mwaka 1936. Ukoma nao huleta hali hiyo hiyo, na pia unywaji wa pombe wa kupindukia kwa muda mrefu. Vyanzo ni tofauti, ila njia ni moja: ganzi.

Ndani ya mguu kunatokea nini?

Mguu mmoja kuanzia kifundo kwenda chini una mifupa 26 na viungo zaidi ya 30, vyote vikishikwa na kano. Fikiria daraja la mawe lisilo na saruji, kila jiwe linashikiliwa na mwenzake. Likichomoka moja, mzigo unahamia kwa mengine.

Mzee wetu ana kilo 60. Tuseme anatembea hatua 5,000 kwa siku, ambazo kwa mtu wa kijijini ni chache. Kila mguu unapiga hatua 2,500. Zidisha kwa kilo 60: kila mguu unabeba jumla ya tani 150 kwa siku. Mguu mzima unaumudu mzigo huo. Mguu wenye ufa kwenye mfupa hauumudu.

Kuna jambo la pili. Mwili ukiumia huleta damu na kemikali za uvimbe ili kufanya ukarabati. Kwa kawaida kazi hiyo huisha baada ya muda. Hapa haiishi, kwa sababu kila hatua ni jeraha jipya. Uvimbe unaoendelea huongeza protini iitwayo RANKL, na protini hiyo huziamsha seli zinazobomoa mfupa. Mfupa unalainika. Ukilainika unavunjika kirahisi zaidi, ukivunjika uvimbe unaongezeka. Ni mduara, na kinachouzungusha ni kutembea.

Ona jambo la ajabu hapa: mguu huu mara nyingi haukosi damu. Damu inafika tele, mapigo kwenye mgongo wa mguu yanasikika vizuri tu. Kwa hiyo ni tofauti na mguu unaokufa kwa kukosa damu, ingawa mtu mmoja anaweza kuwa na matatizo yote mawili.

Kwa nini unakosewa?

Mguu uliovimba na wenye joto unafanana na vitu vingi. Wengine watasema matende. Wengine jongo. Jirani atasema mzee amekanyaga dawa. Zahanati inaweza kudhani ni maambukizi ya ngozi na kumpa antibiotiki, zikiisha wanaongeza nyingine. Wiki zinakatika na mguu unazidi kusagika.

Kuna mambo manne yanayosaidia kutofautisha.

Kwanza, kidonda. Bakteria wanaofika kwenye mfupa wa mguu wa mgonjwa wa kisukari kwa kawaida hupitia kwenye kidonda. Kama ngozi ni nzima, hakuna ufa wala mchubuko, na mguu una ganzi, Charcot iwe mbele kwenye orodha.

Pili, kuinua. Mlaze mgonjwa, inua mguu juu ya usawa wa moyo kwa dakika tano hadi kumi. Wekundu wa Charcot mara nyingi hufifia, wa maambukizi hubaki. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, kwa hiyo usitegemee macho peke yake.

Tatu, joto. Gusa miguu yote miwili kwa mgongo wa kiganja, sehemu zile zile. Wenye kipimajoto cha ngozi huangalia tofauti ya nyuzi 2 za Selsiasi au zaidi kati ya mguu mgonjwa na mzima.

Nne, picha. Eksirei ya mwanzoni inaweza kuonekana safi kabisa, kwa sababu mifupa bado haijahama. MRI inaona mapema, lakini kutoka Ugalla hadi kwenye mashine ya MRI ni safari. Kanuni ya wataalamu ni rahisi: mtu mwenye kisukari na ganzi, mguu mmoja umevimba na una joto, ngozi nzima, mchukulie kuwa ana Charcot hadi ithibitike vinginevyo. Ukimfunga plasta na ikaonekana sio Charcot, umempotezea wiki chache. Ukimwacha atembee na kumbe ni Charcot, umempotezea mguu.

Plasta, na kwa nini isivuliwe

Tiba ya msingi haina maajabu. Ni plasta ngumu, P.O.P, ile ambayo mtaani wanaiita hogo, inayofika chini ya goti na isiyovuliwa na mgonjwa. Inafinyangwa kufuata umbo la mguu wote ili uzito ugawanyike kwenye unyayo mzima na kwenye muundi, badala ya kugandamiza sehemu moja. Juu ya hapo kuna magongo, na kutembea kunapunguzwa kadiri inavyowezekana.

Njia hii ina historia kwenye ukoma. Paul Brand, daktari wa upasuaji aliyeanza kazi Vellore, India, mwaka 1946, alionyesha kwamba viungo vya wagonjwa wa ukoma havikuwa vinaoza vyenyewe. Viliharibika kwa majeraha ambayo mgonjwa hakuyasikia. Alipohamia Carville, Marekani, miaka ya 1960, plasta iliyokuwa inatibu nyayo za wenye ukoma ikaanza kutumika kwa wenye kisukari.

Kwa nini isivuliwe? Kwa sababu hauumi. Mwenye kifaa cha kuvua atakivua usiku akienda chooni, atakivua wageni wakija, na hakuna maumivu ya kumkumbusha. Hatua chache kila usiku zinatosha kuuendeleza ule mduara.

Plasta ya kwanza hubadilishwa ndani ya siku chache, maana uvimbe ukipungua inalegea na kuanza kusugua. Baadaye ni kila wiki moja au mbili. Jumla inaweza kuwa miezi mitatu, sita, hata mwaka. Huachwa pale tofauti ya joto inapokuwa imeshuka chini ya nyuzi 2 na kubaki hivyo, uvimbe umetulia, na eksirei inaonyesha mifupa inaungana. Kuhusu dawa, zile za kuimarisha mifupa ziitwazo bisfosfonati zimejaribiwa, na miongozo ya kimataifa ya mwaka 2023 inashauri zisitumike kutibu ugonjwa huu.

Angalizo: plasta iliyofungwa ovyo kwenye mguu wenye ganzi inatengeneza kidonda bila mtu kujua. Ukiona harufu, unyevu unaotokeza kwa nje, homa, au sukari kupanda bila sababu, plasta ifunguliwe siku hiyo hiyo.

Kiungo kinapolegea

Sasa tufike kwenye kiini cha makala haya. Tuseme mzee wetu alitembea wiki nane kabla ya kupata msaada.

Mara nyingi Charcot hushambulia katikati ya unyayo. Upinde wa mguu unaporomoka, na unyayo unatokeza chini kama kitako cha mtumbwi. Umbo linatisha. Lakini mguu wa namna hiyo ukishatulia na kukakamaa, wengi wanaweza kuishi nao wakiwa na kiatu maalumu.

Ugonjwa ukiingia kwenye kifundo au mifupa ya kisigino, hesabu inabadilika. Mfupa ulioko chini ya muundi unaweza kusagika wote. Kano zinachanika. Daktari akishika muundi kwa mkono mmoja na kisigino kwa mwingine, anaweza kukisogeza kisigino huku na huku kama kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Mifupa inasikika ikisagana, na mgonjwa anamwangalia tu. Akisimama, mguu unalala upande, na ile nundu ya kifundo inaanza kugusa chini. Ngozi ya hapo haikuumbwa kubeba mwili. Itatoboka, na chini yake kuna mfupa.

Hapa kuna jambo moja la kushika: umbo baya peke yake sio hatari kubwa. Hatari kubwa ni kutotulia. Mguu uliopinda ukakakamaa unaweza kutengenezewa kiatu. Mguu uliolegea hauna umbo moja, kwa hiyo hakuna kiatu wala plasta inayoweza kuufuata.

Ndiyo maana daktari mzoefu, akiona ni salama, ataomba eksirei ipigwe mgonjwa akiwa amesimama. Picha ya mtu aliyelala inaweza kuonyesha mifupa iko mahali pake, akisimama ikateleza.

Njia zilizopo

Lengo sio kurudisha mguu wa ujana. Ni kupata mguu unaokanyaga kwa unyayo, uliotulia, usio na kidonda, unaoingia kwenye kiatu. Njia za kufika huko ni nne.

Ya kwanza ni kuendelea na plasta bila kukanyaga kabisa, kwa kitimwendo au magongo, kuona kama kiungo kitakakamaa. Wakati mwingine mifupa haiungani sawasawa, ila nyama ngumu ya kovu inakishika kiungo kiasi cha kutosha. Hiyo nayo ni nafuu.

Ya pili ni kifaa cha kudumu: buti gumu la plastiki linalofika chini ya goti, linalotengenezwa kwa kipimo cha mguu wa mgonjwa mwenyewe. Linafaa kwa ulegevu wa wastani, au kwa mtu ambaye moyo na figo zake haziruhusu upasuaji. Nchini kwetu mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi husomea chuo cha TATCOT kilichopo Moshi.

Ya tatu ni upasuaji. Miongozo ya 2023 inashauri ufikiriwe pale kiungo kinapokuwa kimelegea, au umbo linaelekea kuleta kidonda, au kuna maumivu, na plasta imeshindwa kuyadhibiti hayo. Kama tatizo ni nundu ya mfupa tu na mguu umetulia, inachongwa. Kano kubwa ya nyuma ya kisigino ikiwa imekaza, inarefushwa. Kiungo kilicholegea kinaondolewa kabisa: mabaki ya mifupa yanasafishwa, inapangwa vizuri, kisha muundi unaunganishwa na kisigino viwe mfupa mmoja. Mara nyingi chuma kirefu kinapitishwa kutoka chini ya kisigino kwenda ndani ya muundi. Chuma kinapaswa kuwa kinene na kirefu kuliko cha mvunjiko wa kawaida, na kushika kwenye mfupa mzima ulio mbali na eneo lililolainika. Skrubu fupi kwenye mfupa laini ni kama msumari kwenye mbao iliyoliwa na mchwa.

Kama kuna kidonda na usaha, chuma cha ndani kinakuwa maficho ya bakteria. Hapo hutumika fremu ya duara inayokaa nje na kushika mfupa kwa nyaya nyembamba, njia iliyotokana na kazi ya Gavriil Ilizarov huko Kurgan, Siberia, kuanzia miaka ya 1950.

Upasuaji huu sio wa kukimbilia. Skrubu zinaweza kukatika, mifupa ikagoma kuungana, maambukizi yakaingia. Kabla yake sukari idhibitiwe, mtiririko wa damu upimwe, na sigara iachwe, kwa sababu inachelewesha mfupa kuunga. Mzee wetu kulima tumbaku ni jambo moja, kuivuta ni jingine. Na baada ya chumba cha upasuaji kuna miezi mingine ya kutokanyaga.

Ya nne ni kukata mguu chini ya goti. Pale ambapo mfupa umejaa maambukizi na kiungo hakifai tena, kukata kunaweza kuokoa maisha na kumrudisha mtu kwenye kutembea. Lakini mguu wa bandia unachakaa na unahitaji fundi, na mguu uliobaki unabeba mzigo zaidi ukiwa nao una ganzi. Kwa hiyo uamuzi ufanywe kwa majadiliano, mgonjwa na familia wakiwepo.

Kutoka Ugalla hadi kwenye plasta

Kwenye vitabu yote haya yanaonekana mepesi. Sasa weka ramani mezani. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko Mpanda mjini. Kuna reli ya Kaliua hadi Mpanda, kuna bodaboda, na masika kuna matope. Kumwambia mtu arudi kila wiki kubadilisha plasta ni kumwambia alipe nauli kila wiki, na aje na mtu wa kumsaidia. Katavi ina msimu mmoja wa mvua. Ukimwambia mzee asikanyage kuanzia Novemba hadi Aprili, umemwambia asilime mwaka huo.

Hapa ndipo matibabu mengi yanapovunjika, wala sio kwamba watu wa vijijini ni wabishi. Anayejua mguu hauumi na debe la mahindi linapungua, atashika jembe. Kwa hiyo mpango wa matibabu usioongelea nani atalima, nani atateka maji na choo kiko umbali gani haujakamilika. Ni afadhali familia ikae chini na mganga siku ya kwanza, wagawane kazi, na kama kuna ndugu Mpanda mjini, mgonjwa ahamie huko kwa wiki za mwanzo.

Tanzania ina uzoefu wa kujifunzia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa Step by Step, ambao Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, ulifundisha madaktari na wauguzi wakiwa wawili wawili kutoka mikoani, wakarudi kwao kuanzisha huduma ya miguu ya wenye kisukari. Somo lake ni kwamba mengi yanaweza kuanzia chini: kuvua viatu, kupapasa, kufundisha, na kutoa rufaa mapema.

Wewe ufanye nini?

Una mzazi mwenye kisukari? Mwombe leo akuonyeshe miguu. Afumbe macho. Gusa kidogo tu, bila kubonyeza, ncha ya kidole gumba, cha katikati na cha mwisho, miguu yote miwili. Ni miguso sita. Asipoisikia miwili au zaidi, ana ganzi, na kuanzia hapo maumivu hayatamlinda tena.

Mtu wa namna hiyo akivimba mguu mmoja, asikandwe kwa maji ya moto. Hatasikia akiungua. Asichuliwe, asichanjwe chale, asiambiwe atembeze mguu ili uvimbe ushuke. Akae chini, mguu uinuliwe, apelekwe kituoni kwa chombo na sio kwa miguu. Mkifika, semeni wazi: ana kisukari, ana ganzi, mguu una joto, hakuna kidonda, je, inaweza kuwa Charcot? Mtamke hilo jina. Linaweza kumkumbusha mganga jambo alilolisoma chuoni mara moja tu.

Na mguu wa pili usisahaulike. Unabeba mzigo wa wote wawili, na wenyewe una ganzi ile ile. Uupapase kila jioni.